Chembe za nano zinazojisukuma zenyewe: zitaifikisha dawa ndani ya uvimbe wa kongosho?

Swali: Shikamoo daktari. Mjomba wangu amegundulika ana saratani ya kongosho. Daktari wake alitueleza kwamba shida mojawapo ya ugonjwa huu ni kuwa dawa haipenyi vizuri ndani ya uvimbe. Juzi nimesoma kwamba watafiti wa Uhispania wametengeneza chembe ndogo sana zinazojiendesha zenyewe, na kwamba kwa panya zilipunguza uvimbe kwa asilimia 90. Zinaendaje bila injini? Na mjomba anaweza kuzipata, au tusubiri?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mfikishie mjomba salamu zangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalowanyima usingizi: msisubiri. Mpaka sasa hakuna dawa ya saratani inayobebwa na chembe zinazojisukuma iliyoidhinishwa kutumika hospitalini, na habari uliyosoma ilihusu kibofu cha mkojo cha panya, si kongosho la binadamu. Matibabu aliyopangiwa mjomba yaanze, au yaendelee, bila kuyasogeza hata wiki moja kwa ajili ya habari hii.

Swali lako la kwanza nalo linastahili jibu refu. Ukilielewa, utaweza kupima mwenyewe kila habari ya aina hii itakayokuja, na zitakuja nyingi.

Tuanze na pale dawa inapokwama. Dawa ya kudungwa mshipani huzunguka na damu mwili mzima, na uvimbe hupata mgawo wake tu, sawa na kiungo kingine chochote. Ndipo wataalamu walipoona afadhali dawa ifungwe ndani ya chembe za nano, vibebeo vyenye upana wa nanomita kumi hivi hadi mia chache. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 kwa makadirio. Matumaini makubwa yalitokana na kazi ya Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani, waliyoichapisha mwaka 1986. Walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa harakaharaka na huvuja, kwa hiyo vitu vikubwa kiasi vinavyozunguka kwenye damu hupenya pale na kubaki pale. Fikra hiyo ilizaa dawa ambazo zinatumika hadi leo, nami nitazirudia baadaye kwa sababu zinamhusu mjomba wako.

Hesabu ilipokuja kupigwa, ilivunja moyo. Mwaka 2016 kikundi cha Warren Chan cha Chuo Kikuu cha Toronto kilikusanya matokeo ya tafiti 117 zilizochapishwa katika miaka 10 iliyotangulia, kikauliza swali moja tu: kati ya chembe zote alizodungwa mnyama, ni ngapi zilifika kwenye uvimbe? Thamani ya katikati ilikuwa asilimia 0.7. Yaani chembe saba katika kila 1,000. Zilizobaki, nyingi zilimezwa na seli za kinga zilizokaa ini na wengu, ambazo kazi yake ni kusafisha damu na haziulizi kama mgeni amebeba tiba au sumu. Na mwaka 2020 kikundi hicho hicho kikaonyesha kwamba hata ile nadharia ya mianya kwenye mishipa inahitaji kutazamwa upya: mianya ni michache mno, na hadi asilimia 97 ya chembe walizozifuatilia ziliingia kwa kupitishwa na seli za ukuta wa mshipa zenyewe, si kwa kuvuja.

Hapo tumefika mlangoni tu, na ndani kuna kazi nyingine. Kwa upande huo kongosho ni miongoni mwa viungo vibaya kuliko vyote. Aina ya kawaida ya saratani ya kongosho haifanyi uvimbe wa seli za saratani peke yake. Sehemu kubwa ya uvimbe ni tishu ngumu ya kovu: nyuzi za kolajeni, asidi ya hayaluroni inayofyonza maji na kuvimba, na seli zinazozidi kuvizalisha vitu hivyo. Mishipa ya damu ni michache, tena imebanwa. Majimaji yaliyo katikati ya seli hayana pa kutokea, kwa hiyo shinikizo hupanda. Kwenye tishu ya kawaida shinikizo hilo huwa karibu na sifuri. Kwenye uvimbe mgumu limewahi kupimwa likiwa milimita 20 za zebaki na zaidi, likikaribiana na lile lililo ndani ya mishipa midogo. Pande mbili zikishalingana, hakuna tena kinachosukuma majimaji na dawa yake kutoka mshipani kwenda ndani.

Kinachobaki ni mtawanyiko, chembe kurandaranda ovyo kwa kugongwagongwa na molekuli za maji. Kwa mwendo huo, oksijeni, molekuli ndogo kabisa, husafiri mikromita 100 hadi 200 tu (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kutoka kwenye mshipa kabla ya kutumiwa yote na seli za njiani. Chembe ya nano yenye upana wa nanomita 100 ni kubwa kuliko oksijeni mamia ya mara, na bado ina nyuzi za kuinasa. Ubaya ni kwamba seli zinazoishi mbali na mshipa, zilizozoea njaa ya oksijeni, ndizo sugu zaidi kwa dawa na kwa mionzi.

Kwa hiyo safari ya dawa ina vipande viwili. Kipande kirefu ni cha ndani ya damu, kutoka kwenye sindano hadi kwenye uvimbe. Kipande kifupi ni sehemu za kumi za milimita, kutoka ukingo wa uvimbe au wa mshipa hadi kwenye seli iliyojificha. Kujisukuma kunaweza kusaidia kipande kifupi. Kipande kirefu hakukiwezi, na nitakuonyesha kwa nini. Shika tofauti hii, maana ndiyo habari nyingi hupotoshea watu.

Sasa, zinaendaje bila injini?

Michoro ya magazeti hupenda mashine zenye mikono na makucha. Chembe halisi mara nyingi ni tufe la silika, madini ya mchanga, lenye vitundu, limepakwa kemikali, halina kiungo hata kimoja kinachochezacheza. Na kuna sababu ya kifizikia ya kutokuwa nacho. Edward Purcell, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1952, alitoa mhadhara mwaka 1976 kuhusu maisha ya viumbe wadogo sana ndani ya maji. Kwa kiumbe wa ukubwa wa bakteria, maji ni mazito kama vile wewe utupwe kwenye bwawa la asali. Ukiacha kupiga mikono unasimama hapo hapo, huteleza hata kidogo. Kibaya zaidi, mwendo wowote wa kwenda na kurudi kwa njia ile ile hukurudisha ulipoanzia. Kombe wa baharini huogelea kwa kufunga gamba haraka na kulifungua taratibu. Angepunguzwa kufikia ukubwa huo, angefungua na kufunga mchana kutwa bila kwenda popote. Bakteria waliepuka mtego huo kwa mkia uliosokotwa unaozunguka mfululizo.

Wanakemia walipita njia nyingine: badala ya kuunda kiungo, walifanya upande mmoja wa chembe uwe na shughuli za kikemia kuliko upande wa pili. Mwaka 2004 Ayusman Sen, Thomas Mallouk na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichapisha vijiti vyenye urefu wa mikromita 2, nusu platinamu na nusu dhahabu. Ukivitia kwenye maji yenye asilimia chache za hidrojeni peroksaidi, vinaanza kukimbia, hadi mara 10 ya urefu wao kwa sekunde, ncha ya platinamu ikitangulia.

Mtu huweza kudhani ni mapovu ya oksijeni yanayosukuma. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni mazuri zaidi ya hapo. Platinamu huvunja peroksaidi na kuachia elektroni, ambazo hupita ndani ya kijiti hadi upande wa dhahabu. Wakati huo huo ayoni za hidrojeni husafiri nje ya kijiti, ndani ya maji, kuelekea upande huo huo. Mkondo huo mdogo wa umeme huburuta maji yanayogusa uso wa kijiti kwenda upande wa dhahabu, na kijiti nacho husogea upande wa pili. Injini, basi, ni ile hali ya pande mbili kutofanana. Ukipaka chembe kemikali ile ile kwa usawa kamili pande zote, misukumo hukatana.

Tatizo la vijiti vile lilikuwa mafuta ya kuviendesha. Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ndiyo ile ya kuoshea vidonda. Huwezi kuijaza ndani ya mtu. Seli za saratani hutoa peroksaidi yao kidogo, lakini ni pungufu maelfu ya mara kuliko inayohitajika na platinamu. Ndipo watafiti walipogeukia vimeng'enya, protini zinazoharakisha kemia ya viumbe hai, ambavyo hutumia vitu vilivyomo mwilini tayari. Kinachotumika sana ni yurease, kinachovunja urea, ile taka ya mwili inayotolewa kwa mkojo, kuwa amonia na kabonidayoksaidi. Hutolewa kwenye mbegu za mmea wa jamii ya maharage, na kina heshima yake katika historia: ndicho kimeng'enya cha kwanza kabisa kugeuzwa kuwa fuwele, kazi iliyofanywa na James Sumner mwaka 1926 na kumpa Nobel mwaka 1946. Zao la kazi ya kimeng'enya hicho hugeuka ayoni ndani ya maji, na zikitoka kwa wingi upande mmoja wa chembe kuliko mwingine, maji huanza kutembea na chembe husukumwa. Kuna pia chembe zinazotumia glukosi, zinazobadilisha amino asidi ya ajinini kuwa nitriki oksaidi, zenye nusu ya dhahabu inayopata joto ikimulikwa kwa mwanga wa infraredi, na zile zinazoendeshwa kwa sumaku au mawimbi ya ultrasaundi kutoka nje ya mwili. Hizi za mwisho kwa kweli husukumwa na mtu, hazijisukumi, ingawa makala nyingi huziweka kapu moja na nyingine. Mwanga nao hauendi mbali ndani ya nyama: ni milimita kadhaa, pengine sentimita, na kongosho limejificha nyuma ya tumbo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wanaoandika habari hizi karibu wote hulipita kimya. Kuwa na msukumo si kujua njia. Molekuli za maji zinazoigonga chembe haziisogezi tu, huigeuza pia. Chembe yenye upana wa mikromita 1 husahau ilikokuwa imeelekea baada ya takriban sekunde moja. Ifanye iwe ndogo mara 10, nanomita 100, na muda huo hupungua mara 1,000, kwa sababu hufuata mchemraba wa ukubwa. Inabaki na chini ya elfu moja ya sekunde ya kwenda mbele kabla ya kugeuzwa kwingine. Kwa hiyo katika ukubwa wa nano halisi hutaona kitu kinachoogelea kwa mstari. Utaona kitu kinachorandaranda kwa kasi zaidi kuliko kawaida. Ongezeko linalopimwa kwa chembe za vimeng'enya mara nyingi ni asilimia makumi tu. Baadhi ya watafiti wanaripoti kwamba chembe hizi hupanda kuelekea kwenye mafuta yake au hufuata tofauti ya asidi karibu na uvimbe. Wengine wanahoji vipimo vyenyewe. Ubishi huo haujaisha, nami nimekaa upande wa wenye mashaka mpaka nione vipimo vikirudiwa na maabara zisizo za waliotangulia kuvifanya.

Weka jambo hilo kando ya mwendo wa damu. Kwenye mshipa mkuu damu hukimbia makumi ya sentimita kwa sekunde. Hata kwenye kapilari, ambako ni taratibu kuliko kwote, hutembea takriban nusu milimita hadi milimita nzima kwa sekunde. Chembe yenye bidii kubwa huenda mikromita makumi kwa sekunde. Inazidiwa mara 10 na zaidi hata pale ambapo damu imechoka. Juu ya hayo, mara tu inapoingia kwenye damu hufunikwa na tabaka la protini zinazoganda juu yake. Kimeng'enya hufunikwa, na seli za ini huitambua kirahisi zaidi. Ukisoma kwamba chembe fulani inaogelea kwenye damu kumsaka adui, wewe endelea na shughuli zako.

Kwa hiyo swali la busara ni hili: ni wapi mwilini unaweza kuiweka chembe karibu kabisa na uvimbe, kwenye majimaji yaliyotulia, yenye mafuta tele? Jibu la kwanza ni kibofu cha mkojo. Mkojo una urea nyingi kupita damu makumi ya mara. Hauendi mbio. Na mlango upo: mpira wa mkojo. Samuel Sánchez na wenzake wa Taasisi ya Uhandisi wa Kibiolojia ya Katalonia, huko Barcelona, walifanya hesabu hiyo miaka mingi kabla ya gazeti lako kuwasikia.

Kazi uliyoisoma ilichapishwa Januari 2024. Walitumia tufe za silika zenye vitundu, zilizopakwa yurease, na kuzifungia iodini yenye mionzi. Panya walikuwa na saratani ndani ya kibofu chenyewe, si uvimbe uliopandikizwa chini ya ngozi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Chembe ziliingizwa kibofuni moja kwa moja. Kwa skani ya mionzi walikuta mlundikano wake kwenye uvimbe umeongezeka mara nane, kwa hadubini maalumu wakaziona zimepenya ndani, na baada ya matibabu ukubwa wa uvimbe ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 90.

Magazeti yalikamata ile 90. Mimi nimevutiwa zaidi na ile nane, na hasa maelezo yanayoambatana nayo. Chembe zile hazikuwa na kingamwili wala alama yoyote ya kuutambua uvimbe. Watafiti wanaeleza kwamba amonia inayozaliwa hupunguza asidi mahali pale na kulegeza tishu ngumu iliyoushikilia uvimbe, na hivyo chembe zikajifungulia njia. Kama ni hivyo, kinachofanya kazi kubwa huenda si mwendo wenyewe bali kemia inayouzaa. Mtafiti anayejali wagonjwa hana sababu ya kusikitika kwa hilo, ila hubadilisha kile utakachojaribu kuiga kwenye kiungo kingine.

Tahadhari nazo zipo. Kibofu cha panya hubeba sehemu ndogo ya mililita. Cha mtu hubeba mililita 400 na zaidi, na uvimbe wake unaweza kuwa na unene wa sentimita, si milimita. Uvimbe kupungua si mgonjwa kupona, hasa kwa saratani ya kibofu ambayo tabia yake ni kurudi na kurudi tena. Hata hivyo, kama ningelazimika kutaja kiungo ambacho teknolojia hii itakifikia kwanza kwa binadamu, ningetaja kibofu bila kusita. Ni kiungo kilichozoea mambo ya ajabu: bakteria hai wa BCG, wa chanjo ya kifua kikuu, wamekuwa wakitumiwa humo kutibu saratani tangu Alvaro Morales alipochapisha matokeo yake mwaka 1976.

Angalia kazi nyingine zilizofanikiwa kwa wanyama, utaona zina desturi ile ile ya kukwepa safari ya damu. Mwaka 2016 Sylvain Martel wa Polytechnique Montréal alitumia bakteria wanaofuata sumaku na kupenda mahali penye oksijeni haba, kila mmoja akiwa amebebeshwa vifuko vya dawa takriban 70. Hadi asilimia 55 yao walipenya kwenye uvimbe wa panya, mpaka zile sehemu zenye njaa ya oksijeni nilizokutajia. Lakini walidungwa kando ya uvimbe. Huko Chuo Kikuu cha California, San Diego, kikundi cha Joseph Wang na Liangfang Zhang kilitumia vibebeo vya magnesiamu kutibu bakteria wa tumbo la panya mwaka 2017, kwa sababu asidi ya tumbo ndiyo mafuta. Kisha mwaka 2024 wakapeleka mwani hai wenye dawa kwenye mapafu yenye saratani kupitia koo la hewa. Bakteria na mwani wana mkia halisi, kwa hiyo huenda mbali kuliko chembe yoyote ya maabara. Ni wakubwa mara kumi na zaidi, na kinga ya mwili huwaona. Hiyo ndiyo gharama.

Turudi kwa mjomba. Je, mambo haya yanaweza kuhamishiwa kwenye kongosho? Mlango upo, ingawa ni mwembamba. Kwa mpira wenye kamera na ultrasaundi unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, daktari anaweza kuingiza sindano ndani ya uvimbe wa kongosho. Ndivyo vipande vya kupima huchukuliwa. Kwa hiyo kipande kirefu cha safari kinaweza kurukwa. Mafuta ndiyo taabu: urea ya damu na tishu ni milimoli 2.5 hadi 7 hivi kwa lita, wakati ya mkojo ni mamia. Chembe iliyokimbia kibofuni itatambaa kwenye kongosho, ikiwa itasogea kabisa. Na tishu ile ya kovu si majimaji ya kuogelea, ni wavu wa nyuzi uliobana.

Wazo la kulegeza tishu hiyo ndilo linalonivutia, lakini limeshaumiza watu matumaini mara moja. Kulikuwa na dawa ya kuvunja asidi ya hayaluroni, iliyoitwa PEGPH20. Kwa panya ilikuwa ya kushangaza: shinikizo lilishuka, mishipa ikafunguka, dawa ikaingia. Ikapelekwa kwenye jaribio kubwa la awamu ya tatu, wagonjwa 494 wenye saratani ya kongosho iliyosambaa. Matokeo yalitoka mwaka 2019: waliopewa waliishi wastani wa miezi 11.2, wasiopewa miezi 11.5. Hakuna faida. Kila ninapoletewa chembe mpya inayopenya uvimbe wa panya, nakumbuka jaribio hilo kabla ya kusoma ukurasa wa pili.

Na kuna ukweli mwingine usiopendeza. Saratani ya kongosho huua mara nyingi kwa kusambaa, hasa kwenda kwenye ini. Hata chembe ikipenya kikamilifu kwenye uvimbe mmoja ulioidungia, haiwezi kufika kwenye vipandikizi vyake vya mbali, na kuvifikia hivyo lazima urudi kwenye damu, ambako tumeshaona kujisukuma hakusaidii. Kwa hiyo faida yake, ikija, itakuwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa haujatoka mahali pake lakini hauwezi kupasuliwa.

Kuhusu usalama nitasema kwa kifupi. Amonia ni sumu, hasa kwa mtu ambaye ini lake limechoka. Yurease ya mmea ni protini ngeni. Ikirudiwa, mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Chembe kubwa kuliko nanomita 6 hivi haichujwi na figo, kwa hiyo silika itabaki mwilini mpaka iyeyuke taratibu. Haya yote yanaweza kutatuliwa, ila hutatuliwa kwa miaka, si kwa miezi.

Lile nililoahidi kurudia ni hili: mjomba anaweza kuwa tayari anatumia chembe za nano, bila mtu kumwambia. Dawa ya paklitaksel iliyofungwa kwenye albumini, protini ya damu, yenye upana wa nanomita 130 hivi, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya kongosho mwaka 2013, pamoja na dawa nyingine ya saratani, jemsitabini. Dawa ya irinotekani iliyofungwa kwenye liposomu, vifuko vidogo sana vya shahamu, iliidhinishwa mwaka 2015 kwa wagonjwa waliokwisha kutumia jemsitabini, na mwaka 2024 ikaidhinishwa kama sehemu ya tiba ya kwanza. Hazijisukumi hata kidogo, zinabebwa na damu tu, na zimeongeza maisha ya watu kwa vipimo vya kweli, ingawa ni kwa miezi.

Kwa hiyo mkienda kliniki, muulizeni daktari mchanganyiko gani wa dawa aliouchagua na kwa nini huo. Ulizeni kama mjomba amepimwa vinasaba vya BRCA1 na BRCA2, maana wenye hitilafu ya kurithi humo wanaweza kufaidika na dawa za platinamu na baadaye olaparibu, iliyoidhinishwa kwa kongosho mwaka 2019. Na kipimo hicho kinawahusu pia ninyi ndugu zake. Kama mnataka kujua majaribio yanayoendelea, tovuti ya ClinicalTrials.gov iko wazi kwa yeyote. Someni awamu ya jaribio na masharti yake, kisha mchapishieni daktari. Mtu akiwatumia ujumbe wa kuwauzia tiba ya "nanoroboti", msimjibu, kwa sababu majaribio halali kwa kawaida hayamuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa. Na swali la majaribio liulizeni sasa, mjomba akiwa bado anatembea na kula mwenyewe. Majaribio mengi hayapokei mtu ambaye nguvu zimemwishia, na mengine hayapokei aliyekwisha kutumia dawa fulani, kwa hiyo anayeuliza baada ya tiba zote kushindwa mara nyingi hukuta mlango umefungwa.